Kuseti msingi uwe skwea: 3-4-5, kona kwa kona, guniya au mashine, utumie ipi?

Kona ya nyumba ikiwa haijakaa digrii 90 siku ya kwanza huioni. Msingi unachimbwa, tofali zinapanda, renta inamwagwa, kila mtu kwenye saiti anasema safi kabisa. Inakuja kujulikana kwa fundi wa taili, anaanza mstari mzuri ukutani, akifika mlangoni vipande vinakuwa vyembamba upande mmoja na vinene upande mwingine, halafu anakuja fundi wa bati naye anakuta ncha za bati zinashuka ngazi ngazi kwa sababu ukuta wa mbele na wa nyuma haziendi sambamba. Hapo kurekebisha maana yake ni kubomoa, au kuishi nayo.

Kwa hiyo swali la "nitumie njia gani kuhakikisha kona ziko sawa" ni swali la hela kabisa. Watu wengi wanabaki kati ya njia nne: 3-4-5 kwa tepu, kupima kona kwa kona, skwea ya chuma (guniya), na mashine, yani leza au ile ya sevea (mpima ardhi). Nimeziweka zote hapa kwa vipimo vilevile ili uone ipi inaingia kwenye kazi yako.

Nitazipima kwa nini

Kwanza usahihi, na usahihi hapa nauangalia kwa jicho moja tu: ukikosea kidogo pale unapopima, kosa linakuwa kubwa kiasi gani ukifika mwisho wa ukuta? Kila mahali nitatumia nyumba ya mita 12 kwa 9 ili tulinganishe kitu kilekile. Pili watu na vifaa. Tatu inapokwama, maana ardhi zetu nyingi si uwanja wa mpira, kuna mteremko, kuna mwembe katikati, kuna nyumba ya zamani. Nne ni kosa gani njia hiyo inaweza kukuficha, na hili kwangu ndo la muhimu kuliko yote kwa sababu kila njia ina kitu haikuonyeshi. Mwisho inamfaa nani.

Na njia mbili za tepu zinasimama juu ya kitu kimoja, pembetatu mraba, yani yenye kona moja ya digrii 90, na ile kanuni yake ya Pythagoras ya darasani. 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na 25 ni 5 mara 5. Pembetatu yoyote yenye pande za 3, 4 na 5, kona iliyo kati ya 3 na 4 lazima iwe 90, haina namna nyingine. Wapimaji wa Babiloni walikuwa wanagawa mashamba kwa pembetatu za aina hii zaidi ya miaka 3,600 iliyopita, mbali sana kabla huyo Pythagoras hajazaliwa, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba hii hesabu ni ya maprofesa. Ni hesabu ya saiti toka zamani.

Njia ya kwanza: 3-4-5

Unavuta kamba ya mbele, unapiga kigingi kwenye kona na msumari juu yake, unapima mita 4 kwenye hiyo kamba unaweka alama, halafu unavuta kamba ya pili kwenda nyuma unaweka alama ya mita 3, kisha mtu anaisogeza hiyo kamba ya pili kushoto kulia mpaka umbali wa alama kwa alama usome mita 5 kamili. Basi, kona imepatikana.

Usahihi: inategemea ukubwa wa pembetatu yako, na hapa ndo watu wengi wanapoteza kazi nzuri. Ukikosea sentimita 1 kwenye ule upande wa mita 5, mwisho wa ukuta wa mita 12 utakuwa umetoka sentimita 5. Kosa lilelile la sentimita 1 ukitumia 6-8-10 linatoka sentimita 2.5 tu. Lakini ukitumia pembetatu ndogo ya sentimita 60, 80 na 100, ambayo mafundi kibao wanaipenda kwa sababu unaipima ukiwa umechuchumaa peke yako, sentimita 1 hiyohiyo inakutoa karibu sentimita 25! Kwa hiyo mtu akikuambia "nimepiga 3-4-5" muulize ya ukubwa gani. Kama nafasi ipo nenda 6-8-10, au 9-12-15 ambayo kwa nyumba yetu hii ndo nyumba yenyewe nzima.

Watu na vifaa: tepu moja ndefu inatosha, mbili ni raha zaidi, na watu wawili au watatu. Tepu iwe ileile moja kwa pande zote tatu, au kama ni mbili zilinganishe kwanza kwa kuzilaza pamoja. Kuna jambo zuri hapa ambalo halisemwi sana: 3-4-5 haijali kipimo chako ni nini. Futi, mita, hatua, hata kamba uliyoipima kwa fimbo, ilimradi ni kitu kilekile pande zote tatu. Tepu ya kitambaa iliyovutika ikawa ndefu kidogo itakupa kona sahihi vilevile, itakachoharibu ni ukubwa wa nyumba, kona haitaigusa. Ila ukipima pande mbili kwa tepu mpya na wa tatu kwa ile iliyovutika, kona imeharibika.

Inapokwama: mteremko, nitauongelea peke yake huko chini maana unagusa njia zaidi ya moja. Kingine ni kile kichuma cha mwanzo wa tepu kikiwa kimelegea au kimekatika, watu wanaanzia sentimita 10, ni sawa kabisa, lakini sasa lazima usome 3.10, 4.10 na 5.10. Ukisahau ukasoma 3, 4 na 5 moja kwa moja umejenga pembetatu ya 2.9, 3.9 na 4.9, na hiyo kona yake ni karibu digrii 91. Digrii moja inasikika ndogo, kwenye ukuta wa mita 12 ni sentimita 20 na ushee.

Inachoficha: inakupa kona moja tu. Ukiipiga kona ya kwanza halafu ukaamini tatu zilizobaki kwa macho, hujui chochote kuhusu hizo tatu.

Inamfaa: anayeanza kutoka sifuri na anahitaji kona ya kwanza, na anayeongeza chumba au uzio kwenye kitu kilichopo tayari. Hapo kwenye kuongeza ni tamu sana kwa sababu huhitaji kuwa na pande zote nne wazi.

Njia ya pili: kona kwa kona

Hii inakuja vigingi vinne vikiwa vimeshasimama. Unapima kutoka kona ya mbele kushoto kwenda nyuma kulia, halafu mbele kulia kwenda nyuma kushoto. Vipimo vikilingana, na pande zinazotazamana zinalingana, hilo ni boksi la kweli.

Usahihi: mkali mno, na sababu yake ni kwamba unatumia nyumba nzima kama pembetatu yako, huna pembetatu kubwa kuliko hiyo. Angalia ule mfano wa juu, kuta za mita 12 zimetoka sentimita 5 mwishoni. Ukipima kona kwa kona utapata mita 15.03 upande mmoja na 14.97 upande mwingine, tofauti ya sentimita 6 wazi kabisa kwenye tepu. Ile sentimita 1 ambayo hukuiona kwenye 3-4-5 imekuja kukuita jina.

Namba yenyewe unaijua kabla hujafika saiti. Simu ina kikokotoo: urefu mara urefu, jumlisha upana mara upana, kisha tafuta kipeo cha pili. 12 kwa 9 inatoa 15 kamili. Nyumba ya 10.5 kwa 8 inatoa 13.20. Iandike kwenye karatasi nenda nayo, maana ukiwa na namba mkononi unajua hata ni upande gani umezidi na ni upi umepungua.

Watu na vifaa: tepu ya mita 30 na watu wawili wa kuivuta, na mmoja wa kuhakikisha haijalala kwenye majani. Tepu ya mita 5 ya mfukoni hapa haifai kabisa, ukiunga vipande vipande kila muungano unaongeza kosa. Tepu ndefu ikining'inia katikati nayo inadanganya kidogo, kwenye mita 15 ikibonyea sentimita 20 inazidisha kama milimita 7, kwa hiyo ivutwe kwa nguvu ileile pande zote mbili.

Inapokwama: lundo la mchanga katikati, mti, nyumba ya zamani, hapo huwezi kupita. Na nyumba yenye umbo la L au yenye veranda zilizoingia ndani haina hiyo kona kwa kona moja kwa moja. Dawa yake ni kuseti kwanza boksi kubwa linalofunika nyumba yote, ulihakiki hilo, halafu ndani yake ukate vyumba na veranda kutoka kwenye kamba zake.

Inachoficha: hiki wengi hawakijui. Vipimo vya kona kwa kona vinaweza kulingana kabisa na nyumba isiwe skwea! Ukuta wa mbele ukiwa mita 9.00 na wa nyuma 8.90, na zile mbili za pembeni zikalingana, kona kwa kona zinaweza kusoma sawasawa na bado nyumba imebana nyuma. Kwa hiyo pima pande nne kwanza, zile zinazotazamana zilingane, ndipo uende kona kwa kona. Pia haikuambii kona ipi ndo mbovu. Ukikuta tofauti usihamishe kigingi kimoja, sogeza vigingi viwili vya nyuma kwa pamoja kwenda ule upande utakaorefusha kipimo kilichokuwa kifupi, kidogo kidogo, huku urefu wa pande ukibaki ulivyo.

Inamfaa: anayejenga nyumba nzima kwenye eneo wazi, na zaidi sana mwenye nyumba ambaye si fundi ila anataka kuhakiki kazi ya fundi. Dakika kumi unajua ukweli wote.

Njia ya tatu: guniya

Ile skwea ya chuma, nyingi zina mkono wa sentimita 60 na mwingine wa 40.

Usahihi: chenyewe kinaweza kuwa kizuri sana, tatizo ni ufupi wa mkono. Kamba yako ikikaa milimita 3 tu pembeni ya chuma kwenye hizo sentimita 60, na kamba ina unene wake, ina upepo, mwisho wa ukuta wa mita 12 umetoka sentimita 6. Ila kwenye mlango wa sentimita 90 milimita hizo hazikusumbui hata kidogo.

Watu na vifaa: mtu mmoja, mkono mmoja. Hakuna inayoishinda kwa wepesi.

Inapokwama: popote penye umbali mrefu. Mafundi wengine wanagongomea mbao tatu kwa futi 3, 4 na 5 wanapata skwea kubwa ya kubeba, na hiyo ni nzuri, ni 3-4-5 iliyokauka tayari, ila mbao ikilala kwenye jua na mvua inajipinda kwa hiyo ihakiki kila asubuhi kabla ya kazi.

Inachoficha: skwea iliyodondoka ikapinda haisemi. Jaribio lake ni rahisi, iegemeze kwenye ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili uchore tena kuanzia pointi ileile. Mistari ikipishana, mwanya unaouona ni mara mbili ya kosa lake.

Inamfaa: milango, madirisha, boksi za nguzo, kabati, kona ya tofali kozi kwa kozi. Kwa msingi wa nyumba peke yake, hapana.

Njia ya nne: mashine

Hapa kuna vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Kuna leza ndogo ya kupiga mistari ukutani, na kuna theodolaiti au totali stesheni ya sevea, zile za kusimamisha juu ya alama na kupima pembe.

Usahihi: ya sevea iko mbali na zote. Mashine ya kusoma sekunde 5 za pembe (sekunde hapa ni kipande kidogo sana cha digrii), kwenye umbali wa mita 50 hiyo ni kama milimita 1.2. Leza ndogo ni nzuri ndani ya chumba kilichoezekwa.

Watu na vifaa: mtu anayejua, na malipo ya siku. Leza unaweza kununua au kuazima.

Inapokwama: leza ndogo saa sita mchana juani mstari hauonekani, ile ya kijani inaonekana vizuri kidogo kuliko nyekundu lakini jua letu linashinda zote, itumie asubuhi sana au jioni. Mashine ya sevea kwa mteremko na vizuizi haina shida, ndo kazi yake.

Inachoficha: mashine ikisimama sentimita 1 pembeni ya alama, hesabu zote nzuri zimeanzia pasipo pake. Na namba zenye desimali nyingi zinamfanya mtu asihakiki. Hata sevea akimaliza, vuta tepu kona kwa kona mbele yake, sevea mzuri hatakasirika.

Inamfaa: ghorofa, jengo refu, kiwanja chenye mteremko mkali, na popote unapokaa karibu sana na mpaka wa jirani. Bikoni za mpaka zenyewe ni kazi ya sevea tu, usizihamishe, na wala usichukulie kwamba mpaka wa kiwanja ni skwea ndo uanzie nao, vingi haviko hivyo.

Mteremko, kabla hujachagua

Njia mbili za kwanza zinataka tepu ilale kama maji yalivyolala. Ukiilaza tepu juu ya ardhi inayoshuka mita 1 ndani ya mita 12, umbali wa kweli wa kwenda mbele ni 11.96, umepoteza sentimita 4, na hii nayo ni pembetatu mraba ileile: 144 toa 1, tafuta kipeo cha pili. Nyumba ikiwa na upande mmoja kwenye mteremko na mwingine tambarare, ndo unapata ule umbo uliobana bila kujua umetoka wapi.

Suluhisho ni profaili, zile mbao zinazopigwa kwenye vigingi nje ya kona ili kushika kamba. Piga mbao zako zote kwenye levo moja kwa mpira wa maji, vuta kamba juu ya hizo mbao, upime huko juu, halafu ushushe pointi chini kwa timazi. Kama huna profaili basi shuka vipande vipande vya mita 3, tepu ikiwa levo kila kipande na timazi mwishoni. Inachosha, ila ndo inavyotakiwa. Mteremko ukizidi kimo cha mtu kutoka mwisho mmoja wa nyumba hadi mwingine mimi ningeita sevea bila kufikiria mara mbili.

Sasa wewe uko wapi?

Unaongeza chumba au jiko nyuma ya nyumba iliyopo: 3-4-5, kubwa kadri nafasi inavyoruhusu, ukianzia ukuta wa zamani. Lakini uhakiki kwanza huo ukuta wa zamani umenyooka, vuta kamba mwanzo hadi mwisho uangalie kama unagusa kote.

Nyumba kamili ya chini, eneo wazi, una watu wawili watatu: 6-8-10 kwa kona ya kwanza, pande nne, kisha kona kwa kona. Fundi anayefanya hivi anajua kazi yake.

Kiwanja cha futi 50 kwa 100, vile vya Kenya, na unataka kujua kama kiko skwea kabla ya kuchora ramani: kona kwa kona inatakiwa kusoma futi 111.8 hivi. Ikisoma tofauti mpe mchoraji vipimo vya kweli mapema, usisubiri mpaka ukuta umeingia kwa jirani.

Banda la kuku, choo cha nje, kibanda cha duka: 3-4-5 ya mita peke yake inatosha, kosa la sentimita 1 kwenye banda la mita 3 halimsumbui mtu.

Taili: anzia katikati ya chumba, piga msalaba kwa 3-4-5 ya sentimita 90, 120 na 150, hata kama una leza, halafu leza ndo ikufuatie mstari. Guniya ibaki kwenye kukatia.

Eneo finyu lenye nyumba kila upande, huna pa kuvutia 3-4-5 kubwa kwenda pembeni: tumia 5-12-13, ni pembetatu mraba vilevile ila nyembamba na ndefu, inaingia kwenye nafasi ya mita 5 kwa 12.

Uko mbali, Muscat, Ujerumani, popote, unajenga kwa simu na ndugu ndo anasimamia: usiombe picha ya msingi, picha haionyeshi kona. Omba video fupi ya namba sita, pande nne na kona kwa kona mbili, kila moja ikionyesha mwanzo wa tepu ukiwa kwenye msumari na mwisho wake unaosomeka. Kwa nyumba yetu ya mfano unatakiwa uone 12, 12, 9, 9, 15, 15. Ikija 15.03 na 14.97 mwambie fundi asogeze vigingi vya nyuma na arekodi tena, ndipo utume hela ya kuchimba.